Je, aliyeshtakiwa kwa ugaidi anaweza kuhukumiwa kwa haki?

"Shikamoo wakili. Mdogo wangu ananunua dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na kuwauzia wateja wa mikoani na wa nje ya nchi. Kibandani kwake ana pia uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu. Miezi miwili iliyopita alikamatwa, na tulipokuja kujua alipo alikuwa ameshafikishwa mahakamani kwa shtaka la kutoa fedha kwa ajili ya ugaidi. Sasa yuko gereza la Butimba. Kila baada ya wiki mbili analetwa mahakamani, upande wa mashtaka unasema upelelezi haujakamilika, anarudishwa gerezani. Hajaulizwa hata siku moja kama anakubali au anakana, na dhamana amenyimwa. Mjomba wetu anasema kesi za namna hii huwa zimeshaamuliwa kabla hazijaanza, kwa hiyo akubali tu kosa apunguziwe adhabu. Majirani wanasema wakili atatumalizia fedha bure. Yupo pia mtu anayesema kwa shilingi milioni kadhaa anaweza kuizungumza kesi ikaisha. Tuna kiwanja Kisesa ambacho tunaweza kukiuza. Niambie ukweli: mtu aliyeshtakiwa kwa ugaidi anaweza kupata haki mahakamani, au tunajidanganya?"

Marahaba, dada yangu, na pole kwa mzigo huu. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake naona hofu tatu: kwamba jaji ameshaamua kabla hajamwona mdogo wako, kwamba huku kuahirishwa kila mara ni dalili ya hukumu inayokuja, na kwamba fedha mliyo nayo ikipotea hamtapata nyingine. Nitazijibu zote, ingawa si kwa urefu ulio sawa. Jalada la kesi sijaliona, kwa hiyo ninachokueleza ni namna sheria inavyofanya kazi, wala sitabiri mwisho wake.

Anaweza kupata haki, na wapo waliopata. Ila ni lazima niongeze jambo ambalo familia nyingi hulitambua zikiwa zimechelewa: katika kesi za ugaidi hatari kubwa haipo siku ya hukumu, wakati ukumbi umejaa watu na waandishi wa habari. Ipo katika siku za mwanzo kituoni, na katika miezi ya kungoja mahabusu, wakati hakuna anayetazama. Watu huanza kuchangishana fedha za wakili siku kesi inapopelekwa Mahakama Kuu, ilhali kufikia siku hiyo karatasi nyingi zitakazoiamua kesi zimeshaandikwa, zimeshasainiwa na zimeshafungiwa kwenye jalada.

Nianze na sheria yenyewe, kwa sababu mjomba wako anazungumza kana kwamba mtu akishatajwa kuwa gaidi Katiba inakoma kumhusu. Haikomi. Ibara ya 13(6) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hadi ithibitike hivyo, na inakataza kuteswa. Haina mstari unaosema isipokuwa washtakiwa wa ugaidi. Sheria ya Kuzuia Ugaidi, Sura ya 19, iliyotungwa mwaka 2002, imeongeza makosa na imewapa wapelelezi nguvu kubwa, lakini haikuuhamisha mzigo wa kuthibitisha shtaka. Mzigo huo bado uko mabegani mwa Jamhuri, nayo inatakiwa kuthibitisha pasipo kuacha shaka lolote la msingi.

Ni haki pia kuitendea serikali uadilifu katika maelezo haya. Woga wake haukuzuka hewani. Agosti 7, 1998 balozi za Marekani zilizopo Dar es Salaam na Nairobi zililipuliwa kwa mabomu. Dar es Salaam walikufa watu 11, Nairobi zaidi ya 200. Hata ziwa letu limo katika historia hiyo kwa namna ambayo wakazi wengi wa Mwanza hawaijui: miongoni mwa waliozama na MV Bukoba Mei 21, 1996 alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda, na habari zake zilisimuliwa kwa kirefu katika mahakama ya New York mwaka 2001. Nchi inayofahamu mambo hayo haiwezi kulaumiwa kwa kuwa na sheria kali. Inaweza kulaumiwa kwa namna inavyoitumia.

Sasa tuje kwenye yale yanayowatisha zaidi. Dhamana mdogo wako hakunyimwa kwa sababu hakimu amemwona mtu mbaya. Makosa ya ugaidi yamo katika orodha ya makosa yasiyo na dhamana, sambamba na mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji wa fedha, katika kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ambacho mawakili wengi bado tunakiita kwa namba yake ya zamani, 148(5). Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Dickson Paulo Sanga, ikakirejesha. Binafsi naona uamuzi wa Mahakama Kuu ndio uliokuwa na hoja nzito zaidi, kwa sababu mtu asiyeweza hata kuomba dhamana hana namna ya kumwonyesha hakimu kwamba hatatoroka. Lakini sheria ndiyo hiyo, na wakili atakayekuahidi dhamana kwa shtaka hili anakudanganya.

Kutoulizwa kama anakubali au anakana nako kuna sababu. Makosa ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi yamewekwa miongoni mwa makosa ya uhujumu uchumi, na kwa kawaida husikilizwa na Mahakama Kuu inapoketi kama Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi. Mahakama ya Hakimu Mkazi anakopelekwa kila baada ya wiki mbili haina mamlaka ya kumsikiliza, kwa hiyo haina haja ya majibu yake. Pale kesi inatajwa tu. Upelelezi ukikamilika na Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye sote tunamwita DPP, akitoa kibali chake, mdogo wako atasomewa maelezo ya mashahidi na orodha ya vielelezo, kisha atapelekwa Mahakama Kuu. Huko ndiko atakakoulizwa. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili watu wasifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, lakini marekebisho hayo hayagusi makosa mazito yanayosikilizwa na Mahakama Kuu. Kwa hiyo wimbo huu wa upelelezi haujakamilika unaweza kuendelea kwa muda, na kuimbwa kwake hakumaanishi kwamba ushahidi upo mwingi au hakuna kabisa.

Umeniuliza kama kuna waliopata haki. Mfano wa kwanza uko nyumbani. Desemba 2004 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ilimwachia huru Mtanzania aliyeshtakiwa kwa mauaji ya watu 11 waliokufa katika mlipuko ule ule wa ubalozi wa mwaka 1998. Fikiria shinikizo lililokuwepo: taifa kubwa duniani lilikuwa linataka watu wapatikane na hatia, na dunia ilikuwa bado ina jeraha la Septemba 11, 2001. Jaji alipima ushahidi alioletewa, akauona hautoshi, akasema hivyo.

Mfano wa pili unatuhusu pia, ingawa ulitokea mbali. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akawekwa katika magereza ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani, CIA, kisha Guantanamo, na mwaka 2009 akapelekwa mbele ya mahakama ya kiraia ya New York. Upande wa mashtaka ulikuwa na shahidi Mtanzania aliyetarajiwa kusema kwamba alimuuzia Ghailani vilipuzi. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi huyo asisikilizwe kabisa, kwa sababu jina lake lilipatikana kutokana na mahojiano ya kumlazimisha Ghailani akiwa katika gereza la siri. Novemba 2010 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia katika mashtaka 284 kati ya 285. Kwa shtaka moja lililobaki, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali, akafungwa maisha. Wapo waliosema mahakama imeshindwa kwa sababu mashtaka mengi yalianguka, na wapo waliosema haki haiwezi kuitwa haki baada ya mtu kukaa miaka yote ile gizani. Mimi huitaja kesi hii kwa sababu inaonyesha jambo ambalo ni muhimu kwa mdogo wako: ushahidi ukipatikana kwa njia haramu, jaji anaweza kuukataa hata kama shahidi mwenyewe amekaa nje ya mlango akingoja kuitwa.

Ng'ambo ya ziwa nako mahakama zimechambua. Katika kesi ya mabomu ya Kampala ya Julai 11, 2010, yaliyoua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, washtakiwa walikuwa 13. Machi 2015, kesi ikiwa inaendelea, mwendesha mashtaka wake mkuu, Joan Kagezi, aliuawa kwa risasi. Pamoja na hayo, hukumu ya Mei 2016 haikuwakumba wote, watano waliachiwa. Kenya nako, katika kesi ya shambulio la Westgate la mwaka 2013, mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani wawili na kumwachia wa tatu mwezi Oktoba 2020. Kesi iliyoamuliwa kabla haina sababu ya kuwatenganisha washtakiwa namna hiyo.

Upande wa pili wa mizani nao ni mzito, na sitaki kukuficha. Uingereza, nchi ambayo sheria zetu nyingi za ushahidi zimetoka kwake, iliwafunga maisha watu sita mwaka 1975 kwa mabomu yaliyoua watu 21 katika baa za Birmingham mwaka uliotangulia. Waliachiwa mwaka 1991, baada ya miaka 16, ilipodhihirika kwamba hukumu yao haiwezi kusimama. Majaji wa mwanzo hawakuwa wamepewa rushwa, wala hakuna aliyehitaji kuwapigia simu. Kilichotokea ni kwamba hasira ya umma ilikuwa kali mno, polisi walitaka majibu ya haraka, zikapatikana karatasi za kukiri kosa ambazo washtakiwa walisema walipigwa ili wazisaini, na vipimo vya kitaalamu visivyo na uhakika vikapokewa kama msaafu. Hivi ndivyo kesi ya ugaidi inavyoharibika kila mahali: kosa linatisha kiasi kwamba watu wanaona aibu kuuliza maswali ya kawaida kuhusu ushahidi.

Hapa kwetu uharibifu mwingine ni wa muda. Viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walishtakiwa kwa ugaidi mwaka 2014, na mashtaka yao yakafutwa Juni 2021 bila mahakama kutamka kama wana hatia au hawana. Kukaa mahabusu miaka saba bila hukumu si haki, hata kama mwishowe lango linafunguliwa. Kwa hiyo ukiniuliza ninachokihofia zaidi kwa mdogo wako, ni kalenda kuliko jaji.

Kesi nyingine ambayo wasomaji wa Mwanza wataikumbuka ni ya Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA. Alikamatwa hapa hapa Mwanza Julai 2021, alipokuja kwa kongamano la Katiba mpya, akashtakiwa kwa ugaidi pamoja na wengine watatu. Majaji watatu waliishika kesi hiyo kwa zamu: wa kwanza alijitoa baada ya washtakiwa kueleza kwamba hawana imani naye, wa pili akaiacha baada ya kuteuliwa kuwa Jaji Kiongozi, wa tatu akaendelea nayo hadi Februari 2022 alipoamua kwamba washtakiwa wana kesi ya kujibu. Machi 4, 2022, kabla ya utetezi kuanza, DPP akaiondoa. Watu hubishana kuhusu siasa zake na sina nia ya kuuendeleza ubishi huo. Mimi nakutaka uangalie kitu kimoja tu ndani yake, yaani ile iliyoitwa kesi ndogo ndani ya kesi kuu, kwa sababu ndiyo itakayomhusu mdogo wako moja kwa moja.

Mtu akikamatwa, polisi humhoji na kuandika maelezo ya onyo. Yanaitwa hivyo kwa sababu kabla ya kuanza ni lazima aonywe kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi dhidi yake. Sheria inatoa saa nne za msingi za kumhoji tangu awe chini ya ulinzi, nazo zinaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu; muda wa kumsafirisha au wa kumngoja wakili wake hauhesabiwi. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Baadaye, mwendesha mashtaka akitaka kuiingiza karatasi hiyo mahakamani, mshtakiwa anaweza kupinga kwamba hakuyatoa maelezo kwa hiari yake au kwamba yameandikwa nje ya muda. Akipinga, kesi kuu inasimama. Jaji anasikiliza mashahidi wa pande zote mbili juu ya karatasi hiyo peke yake: alikamatwa saa ngapi na wapi, alipitishwa vituo gani, kitabu cha mahabusu kinasema nini, nani alikuwa chumbani, kama alikuwa na alama mwilini. Ni jukumu la Jamhuri kuthibitisha kwamba maelezo yalitolewa kwa hiari. Katika kesi ya Mbowe, mshtakiwa mwenzake mmoja alikamatwa Moshi na maelezo yake yakaandikwa Dar es Salaam, na mabishano juu ya safari ile, saa zile na madai ya mateso yalichukua wiki kadhaa kabla jaji hajaamua kuyapokea.

Katika jambo hili kuna mtego ambao nimeona ukiwanasa watu wengi. Pingamizi dhidi ya maelezo ya onyo hutolewa kabla hayajapokewa na mahakama. Yakishasomwa na kupewa namba ya kielelezo bila mtu kusema neno, kwenda kulalamika Mahakama ya Rufani kwamba ulipigwa ni kama kumfungia ng'ombe zizi akiwa ameshauzwa mnadani. Kosa si la mshtakiwa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba dakika ile ndiyo iliyokuwa ya kusimama. Hii peke yake inatosha kumjibu jirani anayesema wakili ni hasara.

Kama mdogo wako alisaini chochote, msikate tamaa. Tangu Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipoamua kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda mwaka 1967, majaji wetu wamekuwa wakijionya kwamba maelezo ya kukiri ambayo mshtakiwa ameyakana yapokewe kwa uangalifu mkubwa, na kwa kawaida hutafuta ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono kabla ya kuyategemea. Ni muhimu sana, hata hivyo, mkumbuke tarehe, saa na vituo. Kaa na wote waliokuwepo Mwaloni siku ile, ukianza na yule aliyemwona akipakiwa kwenye gari, uandike wanachokikumbuka kabla hakijachanganyika na maneno ya watu. Akili ya binadamu ni mwandishi mbaya baada ya miaka miwili.

Tuje kwenye shtaka lenyewe. Kosa la kutoa fedha kwa ajili ya ugaidi halikamiliki kwa kuonyesha tu kwamba fedha imepita mikononi mwa mtu. Ni lazima Jamhuri ionyeshe kwamba alikusudia au alijua kwamba fedha hiyo ingetumika kwa ugaidi, au alikuwa na sababu za msingi za kuamini hivyo. Kwa wakala wa pesa za simu hapo ndipo penye uzito wote wa kesi. Kibanda cha Mwaloni kinahudumia wavuvi, wachuuzi, madereva wa malori ya dagaa, watu wa Ukerewe, Wakongo, Wakenya. Mtu anafika, anataja namba, anatoa fedha, anaondoka. Taarifa ya kampuni ya simu itathibitisha kwamba muamala ulifanyika, saa ngapi, kutoka namba ipi kwenda ipi. Haitathibitisha mwenye kibanda alijua nini. Kwa upande mwingine, kama kuna ujumbe kati yake na mpokeaji, au miamala mingi kwa mtu yule yule bila maelezo ya kibiashara, mwendesha mashtaka atasema hizo ndizo sababu za msingi za kuamini, na wakili atapaswa kuwa na jibu.

Kwa hiyo daftari la kibandani ni mali kuliko mnavyodhani. Kama polisi walilichukua, lazima iwepo hati ya ukamataji mali inayolitaja, yenye saini ya mwenyewe na ya shahidi huru. Kama hawakulichukua, lihifadhini lilivyo, msiongeze hata herufi moja, msinakili upya ili lisomeke vizuri, mlipeleke kwa wakili. Risiti za ushuru wa dagaa, hati za mizigo, majina ya wateja wa kawaida, vyote vikusanywe. Kuhusu simu yake iliyochukuliwa, wakili atauliza ilipitia mikono ya nani tangu ilipochukuliwa hadi ilipofunguliwa na mtaalamu. Mahakama ya Rufani ilieleza umuhimu wa mnyororo huo wa utunzaji katika kesi ya Paulo Maduka na wenzake, nao umeziangusha kesi nyingi zilizoonekana imara.

Ushahidi wa mashahidi wanaofichwa nao nautaja kwa kifupi. Sheria inaruhusu DPP kuiomba mahakama, hata bila ninyi kuwepo, iamuru majina ya mashahidi yasitajwe kwa usalama wao. Baada ya yaliyompata Joan Kagezi sioni mtu anayeweza kudharau hitaji hilo. Lakini wakili anayemhoji mtu asiyemjua anapigana akiwa amefungwa jicho moja, na anapaswa kuiomba mahakama kila tahadhari inayowezekana.

Mjomba wako anashauri mdogo wako akubali kosa apunguziwe. Mwambie, kwa heshima zote, kwamba makubaliano ya kukiri kosa yaliyoingizwa katika sheria yetu mwaka 2019 hayahusu makosa ya ugaidi; sheria imeyataja waziwazi kuwa nje. Anaweza kukiri, ndiyo, lakini atakuwa amekiri bila mkataba wowote wa kumkinga, na baada ya kukiri milango ya rufaa dhidi ya hatia karibu yote itakuwa imefungwa. Kama hakufanya kosa, asikiri. Kama kuna jambo alilifanya, aliseme kwa wakili wake tu, wala si kwa mahabusu mwenzake Butimba, na hata kwako asiliseme wakati wa kumtembelea.

Yule mtu wa mamilioni mkimbieni. Mwenye mamlaka ya kuiondoa kesi hii ni DPP, naye huiondoa kwa maandishi au kwa kauli ya mawakili wa serikali mahakamani. Kumpa mtu fedha ili aizungumze kesi ni kosa la rushwa kwenu ninyi mnaotoa, na katika shtaka linalohusu fedha, muamala mkubwa usioelezeka kutoka kwa ndugu wa mshtakiwa ni zawadi kwa mpelelezi. Fahamu pia kwamba hata DPP akiondoa shtaka kihalali katika hatua hii, mtu anaweza kukamatwa tena na kushtakiwa upya kwa mambo yale yale. Siku hiyo wakili awepo mahakamani, asije akatoka mlango wa mbele akarudishwa kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu kiwanja cha Kisesa, msikiuze wiki hii. Kesi hizi ni ndefu, na fedha yote ikilipwa mwanzoni kwa mkupuo, mnaweza kujikuta bila wakili wakati mashahidi wanaanza kuitwa, yaani wakati anapohitajika kuliko wakati mwingine wote. Tafuteni wakili aliyewahi kuendesha kesi za jinai Mahakama Kuu, mkubaliane ada kwa hatua na kwa maandishi, mpewe risiti. Hakikisheni kwamba ana leseni hai ya uwakili. Chama cha Mawakili Tanganyika kina ofisi za kanda, na mtaani wapo vishoka wanaovaa suti kuliko mawakili. Kama uwezo hakuna kabisa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaruhusu mahakama kuelekeza mshtakiwa apatiwe wakili pale haki inapohitaji hivyo. Ombi hilo anaweza kulitoa mdogo wako mwenyewe kwa Kiswahili siku kesi inapotajwa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo ana haki ya kuelewa kila kinachosemwa juu yake na ya kusema asipoelewa.

Kuna mambo ambayo hayangoji tarehe ya kutajwa. Kama alipigwa, kama ana jeraha au maumivu ambayo hayajatibiwa, wakili aende Butimba mapema, aombe apelekwe kwa daktari na hali yake iandikwe, kisha amweleze hakimu siku inayofuata ili maneno hayo yaingie kwenye kumbukumbu za mahakama. Miezi miwili si mwanzo tena, lakini kovu linaandikika na kumbukumbu ya gereza ya siku alipopokelewa inaweza kuwa na maelezo ya hali yake. Kama polisi watawaita ninyi ndugu kwa mahojiano, nendeni na wakili, mseme kweli, msisaini msichokisoma. Kama ataondolewa Butimba na msijue alikopelekwa, wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake, na ombi la namna hiyo husikilizwa kwa dharura.

Siku ya kumwona wakili kwa mara ya kwanza, beba nakala ya hati ya mashtaka, namba ya kesi, tarehe zote alizoletwa mahakamani, daftari la kibandani na yale mliyoyaandika kutoka kwa waliomwona akikamatwa. Kama hati ya mashtaka hamna, muombe karani wa mahakama awaelekeze namna ya kuipata. Kesi ni ya wazi na mshtakiwa ana haki ya kujua kwa maandishi anashtakiwa kwa nini.